Mbunge, Mtumishi wa Nyumbani na Mama wa Ruzuku: Tathmini ya Mchango wa Shirley Chisholm katika Bunge la Marekani, 1969–1983

I. Mazoea mawili mabaya

Katika mijadala yetu juu ya wabunge wa nchi za kibepari waliojitokeza kuwatetea wanyonge, kuna mazoea mawili ambayo hayatusaidii. Zoea la kwanza ni la kusifu tu. Mtu hutajwa kuwa wa kwanza katika hili na wa kwanza katika lile, picha yake hubandikwa ukutani, na fikra hukoma hapo. Zoea la pili hupatikana zaidi kwa vijana wetu wa vyuoni. Wao husema kwa mkato kwamba bunge la kibepari ni kiini macho, kwamba kila sheria inayopita humo ni peremende ya kumnyamazisha mnyonge, na kwamba hakuna haja ya kupoteza muda kuchunguza nani alisema nini. Wa kwanza anaabudu mtu. Wa pili anakwepa kazi ya kuchambua. Wote wawili hawajifunzi.

Makala hii inamchukua mbunge mmoja, Bibi Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, aliyekaa humo tangu Januari 1969 hadi Januari 1983. Katika miaka hiyo 14 alishiriki mijadala mingi, lakini mitatu ndiyo inayotuhusu hapa: mshahara wa watumishi wa nyumbani, malezi ya watoto wa wanawake wanaofanya kazi, na kipato cha mama maskini asiye na kazi. Katika mambo hayo matatu, moja lilipata ushindi wa kudumu na mawili yalishindwa. Mbunge alikuwa yule yule, ujasiri wake ulikuwa ule ule, na Rais aliyempinga alikuwa yule yule. Kwa nini basi matokeo yalitofautiana? Kada anayeweza kulijibu swali hilo atakuwa amejifunza jambo kuhusu siasa ya kumtetea mnyonge, iwe Marekani au mahali pengine popote.

II. Alikotoka

Bibi Chisholm alizaliwa Brooklyn, New York, Novemba 1924. Baba yake alitoka Guiana ya Waingereza na alikuwa kibarua wa kiwandani. Mama yake alitoka Barbados, akafanya kazi ya kushona nguo na ya utumishi wa nyumbani. Wazazi hao walishindwa kulea watoto na kuweka akiba kwa wakati mmoja, kwa hiyo waliwapeleka mabinti zao kwa bibi yao Barbados, na Shirley hakurudi New York mpaka mwaka 1934. Tusiipite habari hii haraka. Mama alikuwa akihudumia nyumba za wengine huku watoto wake wakilelewa ng'ambo ya bahari. Hali hiyo ilikuwa ya mamilioni ya wanawake wa tabaka lake, na mambo yote matatu aliyoyapigania Bungeni baadaye yalikuwa ndani yake.

Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa watoto wadogo na msimamizi wa kituo cha kulelea watoto mchana. Alipoingia katika bunge la jimbo la New York mwaka 1965, alishughulikia muswada wa kuwapatia watumishi wa nyumbani bima ya kukosa kazi, na mpango wa kuwawezesha vijana maskini kuingia vyuo vya umma. Novemba 1968 wakazi wa Bedford-Stuyvesant na vitongoji jirani, wengi wao Weusi na watu wa asili ya Puerto Rico, walimchagua kwenda Washington. Viongozi wa Baraza walimweka katika Kamati ya Kilimo, akashughulikie misitu, ingawa watu wake waliishi katika majengo chakavu ya mjini. Alikataa hadharani, jambo ambalo mbunge mgeni hakutegemewa kulithubutu, na akahamishwa.

Machi 26, 1969, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni, alionyesha namna alivyoiona bajeti ya taifa. Alieleza kwamba siku ile ile Rais Nixon alipotangaza mpango wa kujenga mitambo ya makombora, mpango wa kuwasaidia watoto maskini katika mji mkuu ulipunguzwa kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Akatangaza kwamba ataipinga kila bajeti ya vita mpaka vipaumbele vya nchi vibadilike. Hapa tayari alikuwa amewazidi wengi waliozungumzia umaskini kana kwamba ni msiba ulioshuka kutoka mbinguni. Yeye aliona kwamba fedha zipo, ila zina mwenyewe, na mwenyewe amezielekeza Vietnam.

III. Asiyekuwepo na lake halipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sheria za kazi za Marekani zinaweza kuwa mfano wa methali hiyo. Mwaka 1935, katika wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Roosevelt ilipitisha sheria ya hifadhi ya jamii. Mwaka 1938 ikapitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara, ambacho kilianzia senti 25 kwa saa. Zilikuwa hatua kubwa kwa wafanyakazi. Lakini makundi mawili yaliachwa nje: vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani. Na nani walikuwa katika makundi hayo? Huko Kusini walikuwa hasa watu Weusi, na katika utumishi wa nyumbani walikuwa hasa wanawake Weusi. Wabunge wa Kusini walikuwa na nguvu kubwa katika kamati za Bunge, na watu waliowawakilisha walipata riziki yao kutokana na jasho la bei rahisi la watu hao.

Kwa hiyo ubaguzi wa rangi haukuandikwa katika sheria kwa jina lake. Uliandikwa kwa jina la kazi. Sheria haikusema kwamba mwanamke Mweusi asilipwe. Ilimwacha tu nje ya mlango, na ikatosha. Kada anayesoma sheria yoyote ajifunze hapa kutazama waliotajwa, kisha atazame kwa makini zaidi wale ambao hawakutajwa.

Watumishi wa nyumbani waliingizwa katika hifadhi ya jamii mwaka 1950. Kima cha chini cha mshahara kilichelewa mpaka miaka ya 1970. Ndipo Bibi Chisholm na wenzake walipoutia suala la watumishi wa nyumbani ndani ya muswada mpana wa kupandisha kima cha chini kwa wafanyakazi wote wa nchi. Wapinzani walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba mama wa nyumbani hawezi kutunza hesabu za mshahara kama kiwanda, na akilazimishwa atamfukuza mtumishi wake. Ya pili ilikuwa ya kisheria: serikali kuu ina mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo, na jiko la mtu si biashara.

Hoja ya pili ilijibiwa kwa namna ya kufundisha. Bunge lilieleza kwamba sabuni, madekio na mashine za kufyonzea vumbi anazozishika mtumishi huyo zimevuka mipaka ya majimbo, na kwamba kazi yake ni sehemu ya uchumi wa nchi. Likaandika katika sheria yenyewe kwamba utumishi wa nyumbani unaathiri biashara. Mtu asidharau maneno hayo makavu. Kwa karne nzima kazi ya jikoni ilihesabiwa kuwa si kazi, bali ni mapenzi, desturi au hulka ya mwanamke. Sasa sheria ilikiri kwamba mwanamke anayefua nguo za mwenye mali ni mzalishaji ndani ya uchumi, na anastahili kulipwa kama mzalishaji.

Nje ya Bunge watumishi wenyewe walikuwa wameanza kujipanga. Huko Atlanta, Bibi Dorothy Bolden, mtumishi wa nyumbani tangu utoto, alianzisha umoja wao mwaka 1968, akiwakusanya wanawake hata ndani ya mabasi waliyopanda alfajiri kwenda kazini. Na vyama vikubwa vya wafanyakazi viliutaka muswada ule kwa sababu ulipandisha mshahara wa wanachama wao pia. Septemba 1973 Nixon aliukataa. Muswada ukarudi, na Aprili 8, 1974 akautia saini. Watumishi wa nyumbani wakaanza na dola 1 na senti 90 kwa saa.

Lipo jambo moja katika habari hii ambalo limewakera wengi. Mei 1972 George Wallace, gavana wa Alabama na mtetezi mkuu wa ubaguzi, alipigwa risasi akiwa katika kampeni. Bibi Chisholm, aliyekuwa akigombea uteuzi ule ule wa Urais, alikwenda kumtazama hospitalini. Wapiga kura wake mwenyewe walikasirika. Baadaye alieleza kwamba Wallace alisaidia kuwashawishi wabunge wa Kusini waunge mkono mshahara wa watumishi. Je, alikosea? Kumjulia hali mgonjwa si dhambi, na kura iliyomwongezea mshahara mtumishi haikuwa na harufu ya aliyeiomba. Kosa lingekuwa kulipa kura hiyo kwa kunyamaza juu ya ubaguzi, na yeye hakunyamaza. Tofauti baina ya mbinu na usaliti ni kile ulichokitoa, wala si yule uliyemsalimia.

IV. Desemba 1971

Suala la pili lilikuwa malezi ya watoto. Mwaka 1971 Bibi Chisholm pamoja na mbunge mwenzake wa New York, Bibi Bella Abzug, walipeleka muswada wa kujenga mfumo wa taifa wa vituo vya kulelea watoto mchana, ambao fedha zake zingefikia dola bilioni 10 kwa mwaka. Kilichopitishwa na mabaraza yote mawili kilikuwa kidogo kuliko hicho, lakini kilikuwa msingi: vituo vya umma, vya bure kwa familia maskini na vya malipo kwa kadiri ya uwezo kwa wengine.

Desemba 9, 1971 Nixon aliukataa muswada huo. Sababu aliyoitoa haikuwa fedha peke yake. Alidai kwamba sheria hiyo ingeiweka serikali upande wa malezi ya pamoja dhidi ya malezi ya kifamilia. Kwa lugha nyingine, ilinuka ujamaa. Baraza la Seneti halikupata theluthi mbili za kura za kumshinda.

Sasa, ndugu msomaji, tazama kilichotokea siku 19 baadaye. Desemba 28, 1971 Rais huyo huyo alitia saini marekebisho ya sheria yaliyowalazimisha akina mama wanaopokea ruzuku ya serikali, ambao watoto wao wametimiza miaka 6, wajiandikishe kwa kazi au mafunzo ya kazi. La sivyo wapoteze fungu lao. Mwezi ule ule, kwa kalamu ile ile, mama wa tabaka la kati aliambiwa kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani na watoto wake, na mama maskini akaambiwa kwamba mahali pake si nyumbani. Utakatifu wa familia ulikuwa kwa wenye uwezo. Mwingine aliamriwa atoke akafanye kazi, na kwa kuwa kazi zilizokuwa wazi kwake zilikuwa za chini kabisa, wengi wao wangeelekea kwenye majiko yale yale ya watu wenye familia takatifu.

Hakuna kitabu cha nadharia kinachoweza kueleza itikadi ya ubepari kuhusu mwanamke vizuri kuliko tarehe hizo mbili. Maadili yanayohubiriwa hubadilika kufuatana na anayehubiriwa, ila mahitaji ya mwenye mali hayabadiliki. Anataka mkewe awe pambo la nyumba, na anataka jasho la mke wa mwingine lipatikane kwa bei ya chini.

V. Fungu la mama maskini

Suala la tatu ni ruzuku yenyewe. Mwaka 1969 Nixon alipendekeza mpango wa kipato cha chini kwa familia: familia ya watu wanne isiyo na kipato ingepewa dola 1,600 kwa mwaka, pamoja na masharti ya kazi. Baadhi ya wapenda maendeleo waliuona ni hatua mbele. Lakini umoja wa akina mama wanaopokea ruzuku, ulioanza katikati ya miaka ya 1960 na ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Johnnie Tillmon, mfua nguo wa California, uliupinga. Katika majimbo mengi kiasi hicho kilikuwa chini ya kile kilichokuwa tayari kikitolewa. Wabunge Weusi, ambao mwaka 1971 waliunda umoja wao na Bibi Chisholm akiwa miongoni mwa waasisi, walidai dola 6,500. Mpango wa Nixon ukafia katika Seneti, ukiminywa na walioona ni mkubwa mno na walioona ni mdogo mno.

Hapa wahakiki wamegawanyika mpaka leo. Wapo wanaosema kwamba wateteaji wa maskini walikataa nusu mkate na wakaishia na njaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba nusu mkate huo ulikuwa na ndoana. Kiwango cha chini kikishirikishwa na kulazimishwa kufanya kazi, kinakuwa chombo cha kumpatia mwajiri kibarua asiyeweza kukataa. Bibi Chisholm na wenzake walikuwa na haki kuikataa ndoana.

Walichokosa ni kitu kingine. Katika suala la mshahara, mtumishi wa nyumbani aliunganishwa na mfanyakazi wa kiwandani katika muswada mmoja: kikipanda chako, kinapanda changu. Katika suala la ruzuku, mama maskini alisimama peke yake. Mfanyakazi wa mshahara mdogo aliambiwa kila siku kwamba kodi yake inalisha wavivu, na wavivu hao wakachorwa wenye sura nyeusi, ingawa ruzuku hiyo ilikuwa ya maskini wa rangi zote. Hivyo maskini akagombanishwa na maskini. Umoja wa akina mama wa ruzuku ulivunjika mwaka 1975. Dunia ya miaka ya Reagan ilipofika, sheria ya bajeti ya mwaka 1981 ilianza kuyakata mafungu ya maskini, na hapakuwa na jeshi la kuyalinda.

VI. Jinsia, rangi na tabaka

Tuje kwenye udhaifu wa nadharia yake. Bibi Chisholm alisema mara nyingi kwamba katika siasa alibaguliwa zaidi kwa kuwa mwanamke kuliko kwa kuwa Mweusi. Kama ushahidi wa maisha yake hatuwezi kumbishia. Mwaka 1972, alipogombea uteuzi wa Urais wa Chama cha Democratic, wanaume wengi Weusi wenye vyeo walimwona anavuka mipaka, na viongozi wengi wa harakati za wanawake walimpa maneno mazuri, kura wakampa mwingine. Alimaliza na kura 152 za wajumbe. Lakini ushahidi wa mwanasiasa mmoja si nadharia ya jamii. Mwanamke mtumishi hana mizani ya kupima asubuhi amebaguliwa kwa uke kiasi gani na jioni kwa rangi kiasi gani. Mambo hayo yanamfikia yakiwa yamefungwa katika kifurushi kimoja, na kamba iliyokifunga ni ujira wake mdogo.

Hata hivyo matendo yake yaliizidi kauli yake. Katika mjadala wa marekebisho ya Katiba juu ya usawa wa wanawake, baadhi ya watetezi wa wafanyakazi walihofia kwamba usawa ungeziua sheria zilizomlinda mwanamke kazini, kama vile za saa za kazi na uzito wa mizigo. Jibu la Bibi Chisholm, katika hotuba ya Mei 21, 1969, lilikuwa kwamba mwanamke hahitaji ulinzi wowote ambao mwanamume hauhitaji. Alichotaka ni sheria za kuwalinda watu wote wanaofanya kazi: ujira wa haki, mahali salama pa kazi, kinga wakati wa ugonjwa na wa kuachishwa, na uzee wenye heshima. Hili ndilo wazo lake lililo bora kuliko yote. Hakusema mwanamke ashushwe mpaka alipo mwanamume mnyonywaji. Alisema ulinzi wa mmoja upanuliwe uwe wa wote. Laiti mijadala ya ruzuku ingejengwa juu ya wazo hilo hilo, pengine mama maskini asingebaki peke yake.

VII. Ushindi wenye matundu

Je, ushindi wa mwaka 1974 ulikuwa kamili? La. Sheria hiyo iliwaacha nje waangalizi wa wazee na wagonjwa majumbani, na walezi wa watoto wa mara moja moja; na mtumishi anayelala kwa mwajiri hakupewa haki ya malipo ya saa za ziada. Mwaka 1975 kanuni za wizara zikalipanua tundu hilo: hata waangalizi walioajiriwa na makampuni wakahesabiwa kama jirani anayemkalia mzee kwa hisani. Makampuni yakaingia humo kwa furaha. Bibi Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaica aliyehudumia wagonjwa majumbani huko New York, alidai malipo yake ya ziada mpaka Mahakama Kuu ya nchi; mwaka 2007 majaji wote walimkatalia. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2013, zikaanza kutumika mwaka 2015, miaka zaidi ya 40 baada ya sheria yenyewe, na yeye alikuwa amekwisha kufa.

Na ruzuku? Agosti 22, 1996 Rais Clinton, wa chama kile kile cha Bibi Chisholm, alitia saini sheria iliyoufuta mpango wa ruzuku kwa familia zenye watoto uliokuwapo tangu 1935, akaweka mahali pake msaada wenye kikomo cha miaka 5 na masharti ya kazi. Bibi Patsy Mink wa Hawaii, mbunge wa asili ya Kijapani aliyewahi kukaa Bungeni pamoja na Chisholm, aliongoza upinzani na kupeleka pendekezo mbadala. Lilishindwa kwa kura nyingi.

Vijana wetu wa zoea la pili watasema: si tulisema? Lakini hawakusema hivyo. Walisema hakuna kinachopatikana humo. Kilipatikana: mwanamke aliyekuwa halipwi kwa mujibu wa sheria yoyote alianza kulipwa kwa mujibu wa sheria, na haki hiyo haikufutwa mwaka 1981 wala 1996. Turudi basi kwenye swali letu la mwanzo. Nixon aliyakataa malezi ya watoto mwaka 1971, na aliukataa mshahara wa watumishi mwaka 1973. La kwanza halikurudi kwa nguvu tena. La pili lilirudi katika miezi 7, likashinda. Kilichotofautisha ni kwamba nyuma ya la pili palikuwa na mamilioni ya wafanyakazi waliojua kwamba jambo la mtumishi wa nyumbani ni jambo lao, na Rais aliyekuwa amezongwa na kashfa hakuweza kuwapuuza mara mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mbunge jasiri ni kidole.

VIII. Funzo kwa kada

Bibi Chisholm aliondoka Bungeni mwaka 1983, akaenda kufundisha chuoni, na akafariki Januari 1, 2005. Kaulimbiu yake ilikuwa kwamba hakununuliwa na hana bwana. Ilikuwa kweli, na ni sifa kubwa. Lakini mtu asiye na bwana anaweza pia kuwa mtu asiye na jeshi. Alikuwa ndani ya chama ambacho hakikuwa cha wanyonge, kilichompa jukwaa na kumnyima mikono. Upungufu wake mkubwa haukuwa wa moyo wala wa akili. Ulikuwa wa chombo.

Sisi tunaozungumza juu ya chombo hatuna budi kujiuliza tunakitumiaje. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mtumishi wa nyumbani. Anayo haki ya maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kima cha chini cha mshahara wake huwekwa katika amri za mishahara. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kina jukumu la kumwandikisha. Tulichopigania wengine kwa miaka 36, tangu 1938 hadi 1974, sisi tunacho katika maandishi.

Lakini mtumishi wa nyumbani hafanyi kazi kiwandani, ambako mkaguzi anaweza kubisha hodi. Anafanya kazi nyuma ya mlango, na mara nyingi mlango huo ni wa mtumishi wa umma, wa mwalimu, wa msomi wa jarida hili. Msichana ametoka kijijini, anaitwa dada, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na mshahara wake "anawekewa". Tukiulizwa, tunajibu kwamba ni kama mtoto wetu. Hoja hiyo tumeisikia. Ni ile ile iliyotolewa mbele ya Bunge la Marekani: jiko la mtu si mahali pa sheria.

Kwa hiyo, kabla kada hajasimama katika darasa la itikadi kueleza unyonyaji wa mwanamke Mweusi huko Brooklyn na Atlanta, aanze na nyumba yake. Je, anayempikia ana karatasi ya ajira? Ana siku ya mapumziko? Analipwa mkononi mwake, mwisho wa mwezi, kiasi kilichowekwa na sheria? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama tumemsoma Shirley Chisholm, au tumebandika tu picha yake ukutani.